Barakoa na Amana

Binadamu wa kila zama hupenda kuupa uovu umbo. Uovu usio na umbo ni mzito kuubeba moyoni: hauna jina la kulilaani, hauna uso wa kuutazama, wala hauna pa kuelekezea mkuki. Ndiyo maana ngano za kila taifa zimejaa mazimwi, wachawi wa usiku na wanyang'anyi waliojifunika nyuso. Umbo likishapatikana, hofu hupata mpaka. Na hofu yenye mpaka, hata ikiwa kubwa namna gani, hustahimilika. Wahenga walilijua hilo waliposema kuwa kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Lakini papo hapo huzuka swali la kimaadili ambalo si jepesi. Je, umbo hilo humsaidia mtu kuutambua uovu, au humzoeza kuutafuta mahali ambapo haupo?

Wanafalsafa wamelikabili swali hilo kwa njia nyingi. Hapa litafuatwa kwa njia isiyo ya kawaida, nayo ni mkasa wa filamu bubu ya mfululizo iliyotengenezwa Marekani, ikaonyeshwa sehemu baada ya sehemu, kisha ikatoweka duniani. Filamu hiyo ilimhusu mwovu mwenye kuficha uso. Yale yaliyoziangamiza filamu za zama zake hayakuficha uso hata kidogo. Na katika tofauti hiyo ndimo lilimo somo.

Jina la mwovu huyo ni Fantômas. Alizaliwa kalamuni mwa waandishi wawili wa Ufaransa, Pierre Souvestre na Marcel Allain, mwezi wa Februari 1911. Walitoa kitabu kimoja kila mwezi, na kufikia 1913 vilikuwa vimetimia vitabu 32. Vilikuwa vitabu vya bei nafuu, vyenye majalada ya rangi kali, na vilisomwa na kila tabaka. Fantômas hakuwa mwizi wa kawaida. Hapakuwa na mtu aliyeijua sura yake halisi: leo ni bwana mkubwa, kesho daktari, keshokutwa hakimu. Inspekta Juve na mwandishi wa habari Fandor walimwandama bila kuchoka, lakini kila alipotiwa mbaroni aliponyoka. Hakusukumwa na njaa wala dhiki. Uovu ulikuwa ndiyo kazi yake na ndiyo furaha yake.

Mnamo 1913 na 1914 Louis Feuillade, mwongozaji wa kampuni ya Gaumont, alizitoa katika visa hivyo filamu tano. René Navarre alikuwa Fantômas, na umbo lake la mtu aliyevaa nguo nyeusi za kubana mwili, na kofia iliyofunika uso wote ikaacha macho tu, limebaki katika kumbukumbu ya sinema hata leo. Kisha mwishoni mwa 1920 kampuni ya Fox ya Marekani ikamchukua mwovu huyo, ikamvusha bahari na kumhamishia New York. Mwongozaji alikuwa Edward Sedgwick, na aliyeigiza nafasi ya Fantômas ni Edward Roseman. Mfululizo ulikuwa na sehemu 20. Kisa chenyewe kilianza kwa jambo la ajabu: mwovu anaahidi kuacha uhalifu wake maadamu polisi nao watamwacha aishi kwa amani. Polisi wanakataa. Naye, kwa kulipiza, anamwandama profesa aliyevumbua njia ya kutengeneza dhahabu, na kuanzia hapo ni kufukuzana, kutekwa, kuokolewa na kutekwa tena.

Filamu za mfululizo zilikuwa na kanuni zao. Kila juma ilionyeshwa sehemu moja, aghalabu ya mikanda miwili, isiyozidi nusu saa. Sehemu ilikatwa pale hatari ilipofika kooni, ili mtazamaji arudi juma lijalo na senti zake mkononi. Msomaji wa tenzi ndefu anaijua ladha ya kungoja namna hiyo. Lakini chini ya kungoja huko ilikuwamo ahadi nyingine, kubwa kuliko ahadi ya kuokolewa kwa binti au profesa. Ahadi hiyo ni kwamba nyuma ya barakoa yupo mtu. Kwamba mtu huyo ana jina. Na kwamba siku barakoa itakapovuliwa, dunia itarudi katika utaratibu wake. Madhara yote yaliyotendeka yatakuwa na mwenyewe.

Si kwamba kufunika uso ni kosa. Mwambao unaijua barakoa nyingine, iliyovaliwa na mabibi wa Unguja kwa heshima na staha, na hakuna aliyeiona kuwa dalili ya shari. Barakoa ya mwovu wa sinema ni ya aina mbali. Kazi yake ni kuutenga mkono na jina, kitendo na mtendaji. Plato aliwahi kulisimulia jambo hilo katika kitabu cha pili cha *Jamhuri*, kwa kinywa cha Glaucon. Mchungaji wa Lydia aliokota pete ambayo, ikigeuzwa kuelekea kiganjani, humfanya aliyeivaa asionekane. Mchungaji alipoitambua siri hiyo alimghilibu malkia, akamuua mfalme na kukikalia kiti chake. Glaucon anauliza: akipewa mwadilifu pete kama hiyo, je, atabaki na uadilifu wake? Au watu huwa wema kwa sababu tu wanaonekana?

Barakoa ya Fantômas ni pete hiyo iliyoshonwa kwa kitambaa. Lakini pete na barakoa zina sharti moja ambalo Glaucon hakulitaja: huhitajika pale tu penye macho yanayotazama. Asiyetazamwa na mtu hana haja ya kujificha. Na katika maisha ya watu, sehemu kubwa ya madhara hutendeka pale ambapo hakuna anayetazama, si kwa kuwa pamefichwa, bali kwa kuwa hapana anayedhani pana jambo la kutazamwa.

Sasa na itazamwe hatima ya filamu yenyewe. Hadi katikati ya karne ya 20, filamu nyingi za majumba ya sinema zilichapwa juu ya mikanda ya seluloidi ya naitreti. Mikanda hiyo ilitoa picha angavu na ya kupendeza, lakini ndani yake ilibeba maangamizi yake. Ikizeeka hutoa gesi yenye asidi. Gesi hiyo, ikikosa pa kutokea, huuharakisha uozo ule ule ulioizaa. Picha hufifia, mkanda hunata na kugandamana, na mwisho huwa vumbi la rangi ya kutu. Ukipata joto huweza kujiwasha wenyewe, na ukishawaka hauzimiki kwa maji, maana hujitolea wenyewe hewa ya kuuwasha. Kikulacho ki nguoni mwako: methali hiyo ingeweza kuandikwa juu ya kila kopo la filamu la zama hizo.

Hatari ya pili ilikuwa ya kibiashara. Picha katika mkanda hutengenezwa kwa madini ya fedha, na madini hayo yaweza kukamuliwa tena. Filamu bubu zilipokwisha kuzunguka majumba ya sinema, na hasa sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, thamani yake sokoni iliporomoka. Kampuni kadha wa kadha ziliona nafuu kuyeyusha mikanda kuliko kulipia ghala. Iliyosalia ilirundikwa ghalani, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kuitoa wala sababu ya kuitunza.

Nakala mama nyingi za filamu za Fox ziliwekwa katika ghala la mji mdogo wa Little Ferry, jimbo la New Jersey. Ghala hilo lilijengwa kwa matofali na zege, likaaminiwa kuwa haliwezi kushika moto. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Julai 1937, katika siku za joto kali, mikanda ilijiwasha. Iliteketea mikanda zaidi ya 40,000. Zaidi ya robo tatu ya filamu ndefu ambazo Fox ilizitengeneza kabla ya 1930 zilipotea, zikiwamo nyingi za mwigizaji maarufu Theda Bara. Mabaki yalisombwa kwa malori ili yakamuliwe fedha iliyokuwamo. Katika kisa cha Fantômas, profesa alijua kutengeneza dhahabu. Huku nje ya kisa, hazina ya sanaa ilikuwa majivu, na majivu yakauzwa kwa senti. Mfululizo wa Fox wa 1920 umo katika orodha ya filamu zilizopotea, na hakuna nakala yake kamili inayojulikana kuwapo. Kilichobaki ni picha za mnato, matangazo na muhtasari wa visa katika magazeti ya biashara ya sinema.

Ghala la Little Ferry lilisimama karibu na nyumba za watu. Miale ya moto iliwafikia majirani waliokuwa wakikimbia kujiokoa, na mtoto mmoja wa kiume alifariki kwa majeraha yake. Hapa ndipo mjadala unapoacha kuwa wa wapenzi wa sinema peke yao. Fantômas alikuwa kivuli. Wote aliowaua mbele ya kamera waliinuka, wakajipangusa vumbi, wakaenda zao kula. Ghala lililoaminiwa na kila mtu ndilo lililoua.

Akitafutwa mwovu wa mkasa huu, ni nani? Mjenzi alijenga kwa kadiri ya elimu yake. Mhasibu alihesabu gharama za kuhifadhi, akaziona kubwa. Meneja aliona makopo ya filamu ambazo hazitaonyeshwa tena, akaona hakuna haja ya kuyakagua. Kila mmoja wao alitembea na uso wake wazi, akasalimiana na jirani zake, akalala usingizi wa mtu asiye na hatia. Ukimwendea yeyote kati yao kumvua barakoa, hakuna barakoa ya kuvua. Watazamaji wa filamu za mfululizo walifunzwa kungoja mkono wenye glavu nyeusi ukichomoza nyuma ya pazia. Hawakufunzwa kuogopa chumba chenye joto na kisicho na madirisha.

Mbele ya jambo kama hilo, akili huvutwa kwenye njia mbili, na zote mbili ni za kukwepa. Njia ya kwanza ni kutafuta mtu wa kubandikwa ubaya wote, yaani kuchonga kinyago kipya na kukivisha uso wa karani au mlinzi. Njia hiyo huipa hasira pa kutua, ila haiwi haki, kwa kuwa hakuna mmoja aliyekusudia. Njia ya pili ni kusema kwamba ilikuwa ajali, na ajali haina mwenyewe. Njia hiyo hutuliza nyoyo, ila nayo si kweli yote, kwa kuwa moto huo ulikuwa na sababu zilizojulikana. Kwamba naitreti huwaka, na huwaka vibaya zaidi palipo na joto pasipo hewa, kila mtu wa biashara ya sinema alilijua hilo miaka mingi kabla ya 1937.

Iko njia ya tatu, nayo hupatikana katika neno ambalo mwambao umelitumia kwa karne nyingi katika biashara, ndoa na urafiki. Neno hilo ni amana. Mtu aliyewekewa amana hadaiwi kila kinachopotea. Dhoruba ikizamisha jahazi, nahodha aliyefunga mizigo yake sawasawa hana deni kwa mtu. Lakini akiwa aliuona ufa kabla ya kutweka tanga, akaupuuza, hawezi kuisingizia bahari. Kanuni hii haihitaji mwovu. Haimuulizi mtu kama alikusudia shari. Humuuliza kama alitazama. Ndiyo maana inafika mahali ambapo hadithi ya mwovu mficha uso haifiki: inaweza kumwajibisha mtu mwema.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zastahili kusikilizwa moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni kwamba filamu zile hazikuwa amana ya mtu. Zilikuwa mali ya kampuni, na mwenye mali hutenda apendavyo. Hoja hii ina nguvu mbele ya sheria, lakini haina nguvu hiyo hiyo mbele ya maadili. Kampuni ilimiliki mkanda; haikumiliki peke yake kazi iliyokuwa juu ya mkanda. Waigizaji waliutoa ujana wao, wapiga picha walitoa macho yao, mafundi walitoa mikono yao, na watazamaji walizilipia filamu hizo na kuzibeba katika ndoto zao. Mkanda una mwenyewe mmoja. Kumbukumbu ina wenyewe wengi, na baadhi yao hawajazaliwa. Asiyezaliwa hawezi kusimama mlangoni kudai chake. Kwa sababu hiyo hasa amana yake ni nzito zaidi.

Hoja ya pili ni kwamba watu wa wakati ule hawakuweza kujua. Nani, mwaka wa 1937, angedhani kuwa visa vya kubabaisha vya kila juma vingekuja kutafutwa? Jibu ni kwamba walikuwapo waliojua. Mwaka wa 1898, sinema ikiwa na umri wa miaka mitatu tu mbele ya umma, mpiga picha wa Poland aitwaye Bolesław Matuszewski alichapisha mjini Paris maandishi ya kutaka filamu ziwekwe katika hifadhi maalumu kama chemchemi ya historia. Mwaka wa 1935 Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York lilianzisha maktaba yake ya filamu, na London ikaanzisha yake mwaka huo huo. Mwaka uliofuata Henri Langlois na wenzake walianzisha hifadhi ya filamu mjini Paris. Ghala la Little Ferry, lililo upande wa pili tu wa mto Hudson kutoka New York, liliungua mwaka mmoja baada ya hapo. Maarifa yalikuwapo, kilichokosekana ni mtu wa kuyachukulia kuwa yanamhusu.

Tena, uhai wa Fantômas wa Ufaransa ni ushahidi kwamba hukumu ya zama moja si hukumu ya mwisho. Feuillade naye hakuhesabiwa kuwa msanii mkubwa na wakosoaji wengi wa siku zake. Alifariki 1925 akiwa na sifa ya fundi wa sinema za watu wa kawaida. Lakini washairi walimwona mapema. Guillaume Apollinaire na Max Jacob walivipenda visa vya Fantômas tangu vikiwa vitabu vya bei nafuu. Mchoraji René Magritte alichota humo kwa ajili ya picha zake. Baadaye filamu zile tano zikaonyeshwa upya, zikakarabatiwa, na leo huheshimiwa miongoni mwa kazi kuu za sinema bubu. Mwovu ni yule yule na barakoa ni ile ile. Mmoja aliokoka, mwingine akapotea, na kipimo cha ubora hakikushiriki katika uamuzi huo.

Hapa yafaa kujihadhari na mtego mmoja. Kitu kilichopotea hupambwa na kupotea kwake. Kwa kuwa hakionekani tena, kila mtu hukijaza uzuri autakao, na kivuli huwa kirefu kuliko mti. Hakuna msingi wa kudai kwamba mfululizo wa Fox ulikuwa kazi bora. Yawezekana ulikuwa mwepesi, wa haraka, wenye visa vya kurudiwarudiwa. Yawezekana pia ulikuwa na nyakati za uzuri, kwani Sedgwick huyo huyo alikuja kumwongoza Buster Keaton katika *The Cameraman* ya 1928, filamu ambayo ubora wake hautiliwi shaka. Jambo la kimaadili halisimami juu ya ubora. Linasimama juu ya hili: uwezo wa kuhukumu umeondolewa. Wanaokuja baadaye hawakunyimwa kazi bora. Walinyimwa haki ya kuitazama wakasema wenyewe kama ni bora au ni duni.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Si kila kitu kinaweza kuhifadhiwa. Utafiti wa David Pierce, uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013, ulihesabu filamu ndefu bubu 10,919 zilizotolewa Marekani kati ya 1912 na 1929. Ni 1,575 tu, yaani asilimia 14, zilizokutwa zikiwa kamili katika umbo lake la asili. Idadi hiyo inahuzunisha. Ila mtu aweza kuuliza kwa haki, nani angekuwa na maisha marefu kiasi cha kuzitazama zote 10,919? Kusahau nako kuna hekima yake. Jamii isiyosahau chochote hufunikwa na vumbi la jana, ikakosa nafasi ya kusema neno lake la leo.

Hoja hii ni kweli, na amana haiikanushi. Mtu aweza kuchagua, na kuchagua ni pamoja na kuacha. Mshairi hufuta beti nyingi ili ibaki beti moja. Lakini anayefuta amesoma kwanza. Kati ya kuacha baada ya kutazama na kuacha kwa kutotazama pana tofauti ile ile iliyopo kati ya kumuaga mgeni na kumsahau mlangoni. Matokeo yaweza kufanana, kwani wote wawili wameondoka. Hata hivyo mmoja ameondoka na heshima yake. Waliopoteza filamu zile hawakuzipima wakaziona hazifai. Hawakuzipima kabisa.

Na hapa hujitokeza mkasa mwingine unaoelekea kuivuruga hoja yote. Dawson City ni mji ulioko kaskazini ya mbali ya Kanada, katika eneo la Yukon. Zamani filamu zilifika huko mwisho wa safari zao, na kampuni zilizozimiliki hazikutaka kulipia gharama za kuzirudisha. Makopo yakalundikana. Mwaka wa 1929 mamia ya mikanda yalitumika kufukia bwawa la kuogelea, na juu yake pakawa kiwanja cha michezo ya barafu. Mwaka wa 1978 wachimbaji waliikuta mikanda hiyo katika ardhi iliyoganda. Ikaokolewa mikanda zaidi ya 500, mingine ikiwa na sehemu za filamu za mfululizo ambazo hazikuonekana popote kwingine. Basi filamu zilizofungiwa ghalani ziliungua, na zilizotupwa shimoni zikaokoka. Je, si uzembe ndio uliokuwa mlinzi bora?

Sivyo, ingawa jibu linadai uangalifu. Aliyezifukia hakuzihifadhi, baridi ndiyo iliyozihifadhi. Mtu akimsukuma mwenzake kisimani, na kumbe kisima kikamnusuru na simba aliyekuwa akimnyemelea, aliyesukumwa ana haki ya kushukuru, ila si kumshukuru aliyemsukuma. Bahati si hisani. Dawson City hufunza jambo jingine: kwamba matokeo peke yake hayawezi kuwa kipimo cha mwenendo. Mlinzi mwangalifu aweza kupoteza, na mzembe aweza kuokoa. Anachoulizwa kila mmoja ni kile kilichokuwa mkononi mwake, nacho ni kutazama au kutotazama.

Yupo mshairi mmoja ambaye maisha yake yanaliweka swali hili mahali palipo wazi kuliko moto wowote. Robert Desnos wa Ufaransa alimpenda Fantômas tangu utotoni, na tarehe 3 Novemba 1933 utenzi wake wa kuomboleza juu ya mwovu huyo ulitangazwa redioni, ukiwa na muziki wa Kurt Weill. Desnos alielewa kuwa mwovu mwenye barakoa ni mchezo, na kwamba katika mchezo huo umma huicheka hofu yake wenyewe. Miaka kumi na moja haikutimia. Mwezi wa Februari 1944 Gestapo walimkamata kwa ajili ya kazi zake za kupinga utawala wa Wajerumani. Akapelekwa kambi hadi kambi, na mnamo Juni 1945, majuma machache baada ya vita kumalizika Ulaya, alifariki kwa homa ya kambini, taifasi, huko Terezín. Walioyaangamiza maisha yake na ya mamilioni ya wengine hawakufunika nyuso. Walivaa sare zenye vyeo, wakaandika majina katika madaftari, wakapanga ratiba za magarimoshi, na wengi wao walifanya hayo ofisini, mchana, kwa mwandiko mzuri.

Haifai kulinganisha kuungua kwa ghala na mauaji yale. Mizani inayoyaweka hayo mawili sawa ni mizani mbovu. Yale yalikuwa na kusudi, na kusudi lake lilikuwa kuua. Hata hivyo kusudi la wachache lisingefika popote bila ya wale wengi ambao hawakutazama kilichokuwa nyuma ya karatasi walizozipiga mihuri. Katika kutotazama huko ndimo matukio haya, ambayo uzito wake ni mbalimbali kama kokoto na mlima, yanapogusana. Mwovu mwenye barakoa ni faraja kwa kiasi hicho: humwambia mtazamaji kwamba shari inajijua kuwa ni shari, ndiyo maana inajificha. Shari isiyojijua haina haja ya kitambaa.

Je, basi, hadithi za wenye barakoa ni za uongo na zingefaa kuachwa? La. Hufanya kazi yake ya kuipa hofu mpaka, na mtoto asiyewahi kuogopa zimwi la hadithi huenda asijue namna ya kulikabili la kweli. Kosa huja pale mtu mzima anapotoka katika jumba la sinema akiamini kwamba asipoona barakoa hakuna jambo. Kila nyumba ina kasha lake, na ndani ya kasha mna daftari la mashairi linaloliwa na mchwa, au kanda ya sauti ya mtu aliyekwisha kufariki, ambayo hakuna aliyeisikiliza kwa miaka ishirini. Hakuna jambazi anayeivizia. Joto na unyevu wa pwani vinamtosha.

Fantômas wa New York alitaka makubaliano na polisi: mniache, nami nitawaacha. Polisi walikataa, na kisa kikaanza. Joto na wakati haviombi makubaliano na mtu, wala havimtishi mtu kwa barua. Vinangoja tu mwenye amana ageuze uso, na uso huo, siku utakapogeuka, utakuwa wazi kabisa.